Kitanda cha Dirishani

Merrylands, Jumapili usiku, Juni 2020

Nimeifunga au sijaifunga, hata sielewi.

Asubuhi mwenye ile nyumba ya ufukweni ninayomtunzia huku ugenini alinipigia: baridi ya Juni imeingia, wapangaji wa kiangazi wameondoka, kaifunge. Nikafunga maji, nikafunika vitanda vyote. Mchana akapiga tena: "Zuhura, fungua, mwanangu atakaa karantini hapo." Nikatandika upya. Jioni akapiga tena: majibu ya kipimo cha mwanawe yametoka mazuri, haji tena, funga. Nikarudia kufunika. Mimi ni mtu au swichi ya taa?

Nimerudi kwangu, Mama kanipigia kutoka Tanga. "Vitanda vyote hivyo havina mtu, na wewe na wanao mnabanana chumba kimoja?" Nikaanza kumweleza, halafu…

Sasa ndiyo nakumbuka. Kitanda cha dirishani sikukifunika. Sijui nilisahau, au nilikuwa najiwekea.