Kiapo cha Bwana Harusi

Makorora, Tanga
Jumapili

Mpenzi Shangazi Mboni,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Pangani, miguu imepunguza kukusumbua, na mwali unayemfunda sasa si mkaidi kama nilivyokuwa mimi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyo ndiyo yaliyonikalisha kuandika, kwa kuwa simu yako huisikiliza nyumba nzima.

Kwanza ujue kwamba nampenda Luqmani, Shangazi. Nampenda mpaka naona haya. Akikohoa uani moyo wangu husimama. Akivaa kanzu ya Ijumaa natamani majirani wote wafunge madirisha. Nimefanya yote uliyonifunda: udi, asmini kitandani, chai ya iliki mara tu aamkapo. Ungedhani raha yangu haina mfano. Basi nina hasira za kutafuna mkeka.

Wewe unamjua mume wangu kwa sifa tu. Mchezo wake wa sataranji, ule wa wafalme na askari wa mti, alijifunza akiwa mdogo, juu ya meza ya duka la Mzee Esmailji, muuza misumari na makufuli, ambaye wenzake wa kucheza nao walikwisha hamia Dar es Salaam. Mzee alimshinda kila siku, hadi siku aliyoshindwa yeye, akagawa halua kwa wateja wote. Tokea hapo Luqmani akawamaliza wa Tanga, akawamaliza wa Dar es Salaam, akaenda Nairobi na Lusaka, akarudi na cheo cha ubingwa. Kila Jumamosi makala yake hutoka gazetini, na hata wasiojua farasi anaruka vipi humsoma, kwa jinsi anavyomsimulia askari anayetembea peke yake na mfalme anayejificha nyuma ya ngome. Mimi nilimpenda gazetini kabla sijamwona uso.

Siku ya nikaha ulikuwa ndani nami, kwa hiyo ya msikitini hukuyasikia. Kuozesha kumekwisha, halua inazunguka, ndipo Baba Mdogo Uweso alipomchokoza. Alimwambia, bwana harusi, twakujua wewe, adhana ikilia u mbioni na farasi wako wa mti. Mtoto wetu utamwacha na vyungu. Watu wakacheka. Baba hakucheka, kwani tangu posa alikuwa akinung'unika kwamba mchezo ule humsahaulisha mtu sala. Damu ikampanda Luqmani. Akasema mbele ya shehe na mashahidi kwamba ikiwa atacheza tena sataranji na mtu yeyote, basi mimi nimeachika talaka moja. Shehe akasema astaghfirullah, lakini neno limekwisha toka. Laiti angelisema nusu saa mapema, kabla hajanioa, lisingekuwa na uzito wowote! Baba akamkumbatia. Wanaume, Shangazi!

Tangu hapo nimeolewa na mtu asiyekuwapo. Neno lake amelishika, hachezi. Anaandika kitabu cha kuwafundisha wanaoanza, huku vidole vinagonga meza. Nilimpikia pweza wa nazi, akanisifu kwamba kuku ni mtamu. Chama kilimwita mashindano ya taifa, akajibu ana shughuli. Nilipomwambia tumwendee Baba, alisema hata Baba akisamehe, kiapo hakifunguki. Nikilia hunifuta machozi vizuri, kisha macho yake yanaondoka tena. Nimejipamba, nanukia, na mke mwenzangu ni ubao uliofungiwa kabatini!

Akamwuliza shehe kama kufundisha ni kucheza. Shehe akasema siyo. Basi ubao ukatoka, mimi nikawa mwanafunzi wa kujaribia kitabu. Sura nikiielewa mimi, imefaa. Alinifundisha kwa kusimama, kama mwalimu wa madrasa.

Alhamisi baada ya Alasiri tulifika sura ya mwisho. Aliniambia farasi nimpeleke pale, nikampeleka kwingine. Akavuta kiti, akakaa. Shangazi, nilimwona yule wa gazetini! Macho yaliwaka, akanitania kwamba hata vijana wanaocheza mtaa wa Nguvumali hawana ujeuri huo, nami nikamwambia apunguze maneno, amtazame mfalme wake. Mwisho akamziba mfalme wangu pande zote, akapiga makofi, akasema umekwisha, bibie! Kisha mdomo ukabaki wazi. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe, ya mchezaji, si ya mwalimu. Akachukua mto, akahamia sebuleni.

Shehe anasema nia anaijua mwenyewe. Kama alikuwa anafundisha, hapana neno. Kama alikuwa anacheza, talaka moja imepita, mimi niko edani humu humu nyumbani, na kunirudisha ni kutamka tu kwamba amenirejea. Basi anafikiri! Mtu anayeona hatua kumi mbele hawezi kutamka neno moja. Akisema alikuwa anafundisha, anaogopa kumdanganya Mungu. Akinirejea, amekiri kwa Baba kwamba kavunja ahadi. Nami nampitishia sahani chini ya pazia kama mpangaji. Nampenda, na natamani kumpiga mwiko.

Sasa kaa kitako, Shangazi. Kabla ya Alhamisi nilikwenda kwa Bi Mastura, mke wa shehe, nikauliza kana kwamba ni habari za shoga yangu. Alinieleza kwamba kiapo cha namna ile huanguka mara moja tu, na kikianguka kimekufa. Mume akimrejea mkewe hubakiwa na talaka mbili, na mchezo wake acheze mpaka azeeke. Nikatoka hapo moja kwa moja hadi kwa Mzee Esmailji kununua kitasa, nikarudi na hatua ile ya farasi. Nilijua ninachokifanya. Talaka moja nimeitoa mimi, kwa mkono wangu, ili nimpate mume mzima.

Nigombeze utakavyo, ila njoo. Wewe ndiwe dada mkubwa wa Baba, na mbele yako hapandishi sauti. Mwambie hasira zake azilete kwangu.

Hapa nilipofika Luqmani amebisha mlango. Moyo ulinitoka! Lakini hakutamka lile neno. Ameuliza, kwa unyonge kabisa, hatua ile ya farasi nimeitoa wapi. Nimemjibu kwamba siri zangu ni za mume wangu, na yeye bado hajasema kama ndiye.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mwali wako umwambie asiolewe na mwandishi.

Mwanao akupendaye,
Najat,
mke wa Luqmani, akitamka.