Maji Ndani ya Bomba

Mwanza

Mdogo wangu Shabani,

Amani iwe juu yako na wote walio hapo Mapinga. Magoti ya mama yanaendeleaje? Shemeji amejifungua salama? Mimi ni hai, ila nyusi sina tena, na mkono wa kushoto una bandeji. Ombi lako kwamba nikutafutie kazi hapa kiwandani nimelipata. Kwanza nisikilize.

Nilipokuja likizo ulinionyesha ujanja wako wa kuuza chuma chakavu. Unaponda mdomo mmoja wa bomba kwa nyundo, unajaza maji, unaponda na wa pili, ili mizani ya mnunuzi ishuke. Mama akacheka, akasema, "Huyu mwanangu hafi njaa."

Wajanja wa huku nao hufanya hivyo hivyo. Wiki iliyopita bomba la namna hiyo lilitupwa kwenye tanuri letu, ambamo chuma huyeyuka kikawa kama uji. Sufuriani maji yakichemka, mvuke huinua kifuniko ukajiendea. Kwenye bomba lililozibwa mvuke utapitia wapi? Maji yote yaligeuka mvuke kwa mara moja, ukakosa nafasi, bomba likapasuka na kurusha chuma cha moto juu. Kilimwangukia Mashaka, niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja.

"Nimwagieni maji, jamani!" alilia. Tulimmwagia. Tulipomvua shati, ngozi ikaja nalo. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Hawakusema kwamba huondoa na ngozi.

Alikufa kabla gari halijafika. Mimi ndiye niliyempigia mkewe. Aliuliza kama mumewe ameacha neno, nikamwambia alilitaja jina lake. Nilidanganya, Shabani. Alikuwa akiita maji tu.

Nina hasira nawe, na sitaki uniambie kwamba hukujua. Sasa umejua.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie mkono umeteguka tu. Msalimie shemeji, pia mjomba wetu wa Miono, fundi baiskeli.

Kuhusu kazi, nilimwuliza msimamizi. Akasema, "Mwambie aje hata kesho, pengo lipo." Basi njoo, nauli nitakutumia. Utasimama palepale aliposimama Mashaka, na kila bomba likitupwa tanurini utamwomba Mungu kwamba aliyeliuza asiwe mtu kama wewe.

Ni mimi kaka yako,
Saidi