Mutua Alipotoka Kisimani

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa machimboni Kinanie niko salama, ni mgongo tu unalalamika. Nyanya yako anasema mahindi ya nyumbani Kathiani yameanza kubeba.

Unasema unaogopa kulala kwa sababu unamwota marehemu mama yako akienda bila kugeuka. Nilipokuwa kijana, ndugu yangu Mutua alifia kwenye kisima tulichokuwa tukichimba huko Kola. Mchana sikulia. Nikilala, niliota namvuta kwa kamba, nayo inakatika. Ikawa hivyo kwa miezi. Halafu ndotoni akatoka, matope mwili mzima, akanifokea: "Wewe, unavuta kama mzee! Uji uko wapi?"

Niliamka nikicheka huku nalia. Asubuhi hiyo niliweza kutaja jina lake.

Sikusoma sana, siwezi kukueleza sababu yake. Lala, Mwende. Huenda mama yako akageuka.

Babu yako