Kicheko Chako Kimefika Dakar

Dakar, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Kwanza nikuamkie kwa magoti yote mawili, kama ninavyofanya nikifika mlangoni kwetu Kampemba. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na umeme, unarudi mapema siku hizi au bado mnakula gizani? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo kwa sababu ya wali na samaki wa hapa, ingawa nimechoka kuwaeleza watu kwamba wali peke yake haumshibishi mtu wa Katanga aliyekulia bukari, ugali wetu.

Najua Banza amekwisha kukuambia kwamba tumeshinda kwenye tamasha la filamu. Lakini simu ya nyumbani unaijua: mtandao unakatika, na usipokatika, kaka yangu anakunyang'anya simu aongee yeye. Basi nimekaa kitako nikuandikie yote. Barua atakuletea Abbé Kasongo, yule padre aliyemaliza masomo yake hapa na anarudi Lubumbashi wiki hii. Banza, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke kitu.

Mama, unakumbuka nilivyokuja kwenye kilio cha Baba na kamera niliyoazimwa na shule yetu ya filamu. Banza alitaka niiweke chini, akisema si heshima. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, ukasema marehemu alipenda sana kupigwa picha, waniache nifanye kazi yangu. Ndiyo maana nilikuwa nimeishika wakati Papa Kyungu, munungwe wa Baba, mtani wa ukoo wetu, alipoingia.

Aliingia amevaa koti la Baba la reli na kofia yake, mkebe wa chakula mkononi, akiuburuta mguu mmoja kama Baba alivyokuwa akiuburuta akitoka kazini. Akasimama uani kwetu katikati ya waombolezaji, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ya Baba kabisa:

"Bantu bote hawa banafanya nini mu lupango yangu? Mama Banza, bukari iko wapi?"

Nawe, bila hata kuinua kichwa, ukamjibu:

"Ata ulikufa, uko na njala tu?"

Ukacheka. Ulicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na katikati ya kicheko hicho hicho ukaanza kulia kuliko ulivyolia makaburini. Shangazi Numbi, dada yake Baba, akasimama akasema munungwe ana haki ya kuchekesha, lakini mjane hana haki ya kucheka. Akarudi kwake Kambove bila kuaga, na tangu hapo hajakanyaga kwetu. Najua jinsi jambo hilo lilivyokukaa moyoni.

Sasa sikia yaliyofuata. Nilipoyafanya hayo kuwa filamu yangu ya kumalizia shule, mwalimu wetu wa kuunga picha, bwana mmoja Mbelgiji, mtu mpole na mwenye kazi nzuri, aliniita pembeni akanishauri nilikate tukio lile lote. Yeye aliona mlevi aliyevamia msiba kumtania mjane, na mjane asiyejua kama amefiwa. Nikamweleza kwamba kwetu kila ukoo una banungwe wake, watu wa utani, na kwamba munungwe asipokuja kumwigiza marehemu na kuziiba nguo zake, basi marehemu hakuwa mtu wa watu. Alisikiliza vizuri tu. Halafu akasema watazamaji hawatakuwa na nafasi ya kuelezwa hayo yote, kwa hiyo watakuhukumu wewe, na tamasha hili ndilo mlango wangu wa kwanza wa kazi.

Hapo nikaingiwa na hofu. Si ya tuzo, Mama. Niliogopa wasije wakakuona kama Shangazi alivyokuona, tena ukumbi mzima. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ile nikakuuliza. Maneno yako nimeyashika mpaka leo:

"Onyesha kilio, na onyesha kicheko. Lakini kama bantu banabakia kunicheka miye, ile filimu usikuye nayo huku Kampemba."

Nikaliacha tukio kama lilivyo.

Tamasha lenyewe lilikuwa la fahari. Shule yetu ilitia fora. Moussa, aliyehitimu kabla sijafika mimi, alirudi na filamu yake ndefu na ndiyo iliyofungua tamasha, watu wakasimama kwenye ngazi kwa kukosa viti. Rafiki yangu Awa, yule wa kabila la Waserere wa hapa, niliyekuambia anapenda kubishana kama Banza, alionyesha filamu kuhusu bibi yake anayechimba chumvi, na watu wa tamasha la mji mwingine wakaiomba papo hapo. Kila mwanafunzi alitembea kifua mbele. Mimi tu nilijificha nyuma ya Awa.

Ikafika zamu yetu. Uso wako kwenye skrini ulikuwa mkubwa kuliko nyumba yetu, Mama. Ulipolia, ukumbi ulikuwa kimya. Papa Kyungu alipoingia na koti lake la wizi, ukumbi ulikuwa kimya vilevile, na kimya hicho hakikunipendeza hata kidogo. Akauliza bukari iko wapi, maandishi yakapita chini ya picha, hakuna aliyetoa sauti. Nikajifunika uso kwa mikono. Nilisema moyoni, nimemuuza mama yangu.

Halafu nyuma kabisa mwanamke mmoja akacheka. Si kicheko cha adabu, bali kile cha sokoni, cha kujipiga mapaja. Mwingine akamfuata, kisha safu nzima, na ulipomjibu marehemu kuhusu njaa yake, watu walipiga makofi hata sikusikia sauti ya filamu. Walicheka pamoja nawe. Na ulipogeuka ukaanza kulia, wote walinyamaza kwa mara moja, kama watoto walioona mama yao analia. Awa alikuwa amenishika mkono. Akaniambia kwamba hata kwao Waserere wana watani wanaokuja kwenye misiba kufanya vivyo hivyo, na kwamba shangazi zake walikuwa wamejaa kule nyuma. Kumbe tulikuwa tunaogopa watu wa nyumbani.

Yule mwanamke wa kwanza kucheka alinisubiri mlangoni. Ni bibi wa makamo yako, amevaa boubou la samawati. Akanikamata mikono yote miwili akasema kwa lugha yake, Awa akatafsiri:

"Mwambie mama yako kwamba nimeona alivyoolewa kwa upendo. Mwanamke asiyependwa hana cha kumchekesha siku ya kumzika mumewe."

Banza, sentensi hiyo isome mara mbili. Tena umpigie Shangazi Numbi umsomee na yeye.

Siku ya kufunga wakatangaza tuzo ya filamu fupi ya kweli. Jina langu walilitafuna vibaya sana, nikabaki nimekaa mpaka Awa akanisukuma. Nilipofika jukwaani hotuba yote ya Kifaransa niliyoiandaa ilinipotea. Nikainua ile sanamu ya tuzo waliyonipa, nikasema, "Mama Banza, bukari iko wapi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana neno bukari walikuwa wamekwisha kulishika. Nilifurahi, Mama. Sitakuficha, nililia kwa furaha mbele za watu wale wote. Mwalimu wangu alikuja kunikumbatia akasema safari hii yeye ndiye aliyejifunza, na ameomba aonyeshe tukio lile kwa wanafunzi wapya.

Mwezi ujao narudi nyumbani na filamu. Padre wa parokia yetu ya Kampemba amekubali tutumie ukumbi wao. Kiti cha mbele kabisa ni chako, na cha pembeni yako ni cha Shangazi Numbi. Kicheko chako nimekirudisha salama, hakuna aliyekichafua.

Nisalimie Banza na mke wake, na mwanao wa mwisho asiyetaka kusoma, mwambie dada yake anamtazama kutoka huku. Wasalimie akina mama wa kwaya waliokaa nawe mkekani. Wote wanaonekana kwenye filamu, na mmoja amesinzia, sitamtaja.

Abbé Kasongo amebeba pia ile sanamu. Ni ya shaba, kana kwamba nilitoka mji wetu wa shaba kuja kuitafuta huku. Papa Kyungu amekwisha kunitumia ujumbe wa sauti, anasema ni yake, yeye ndiye aliyecheza na mimi nilishika mashini tu, na chochote cha marehemu munungwe wake anakichukua. Usiifungie kabatini, Mama. Iweke juu ya bufe ya sebuleni, karibu na picha ya Baba, pale Papa Kyungu atakapoweza kuiiba bila shida. Akija amevaa lile koti, mpe bukari kwanza.

Binti yako anayekupenda sana,

Ngoie