Chatini Iliyotangulia Wali

Basi akala, dada mshauri, alikula mpaka akalamba vidole, na mimi tangu siku hiyo nalala usingizi, ila kuna kitu kimoja kinanikwaruza ndio nikamwambia Malati, mke wa mwanangu, chukua kalamu tumwandikie yule mama wa gazetini, mimi kusoma sijui, aandike ninavyosema asinipambie.

Aliyekula ni wifi yangu Suhashini, dada wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na wali aliokula ni wa Mondira, mke wa mjukuu wangu Ponkoj, siku ile ya karamu ya kumpokea, bibi harusi anapita anawatilia wakwe wali na samli kwenye majani ya mgomba, ukiupokea wali wake umempokea yeye. Sasa wifi alishaapa. Watu wa Mondira walitoka ng'ambo ya mto, wanakula ng'onda, wale samaki wa kukausha wanaonuka, sisi hapa ng'onda ikipikwa nyumba ya tatu tunafunga madirisha, ingawa mimi, we Malati andika tu, nimewahi kuonja na si mbaya. Wifi akasema, "Mkono ulioshika ng'onda haunitilii mimi wali." Kuja akaja, akakaa mwanzo wa mstari, magoti yakimuuma, ile dawa ya kuchua aliyopewa haimfai kitu, na mkubwa asipokula hakuna anayegusa, kwa hiyo watu wote wamekaa mikono mapajani, wanamtazama yeye.

Mondira akafika mbele yake kaogopa, mtoto wa watu, akachota, akatia. Chatini. Ya nyanya na tende, kashika sufuria siyo. Na chatini kwetu ndiyo ya mwisho, ukimtilia mtu chatini umemwambia nenda kanawe. Mimi nimejibanza mlangoni, roho juu, nasema ndoa imekwisha hata samaki hawajaletwa.

Wifi akaitazama ile chatini, akamtazama msichana. "We binti, unanifukuza? Hata wali sijala."

"Samahani, bibi."

"Samahani ndiyo nitaila? Lete wali. Na samli usinibanie."

Akaletewa, akala, mstari mzima ukala, na Ponkoj nilimwona anajifuta jasho kwa shali yake mpya, shali ya harusi hiyo.

Sasa shida ni kwamba kijiji kizima kinasema Mondira mjanja, alifanya makusudi amnase mzee auombe wali mwenyewe, na maneno yamemfikia wifi, ametuma salamu anakuja kuniuliza mwenyewe. Nikisema makusudi, ataona kachezewa, ataukana ule wali. Nikisema bahati mbaya, atasema tumeoa msichana asiyejua chatini na wali. Nisemeje, dada, maana huyu binti nimeshampenda, asubuhi ananichana nywele, juzi... haya, huyo ananiita jikoni nikaonje dengu, inaungua nini, Malati weka kalamu, naenda.

*

Mama yangu, hongera, na acha kujitafutia presha.

Wifi yako hakunaswa na mtu. Angetaka kuondoka, ruhusa alishatiliwa kwenye jani. Angenawa, akaenda zake na kiapo chake kizima. Hakuinuka. Aliuomba ule wali kwa kinywa chake, ukoo wote ukisikia, na samli juu. Huyo alikuwa anatafuta pa kupitia, msichana akampa bila kujua.

Kwa hiyo sema kweli: aliogopa, akakosea sufuria. Atachekwa, na acha achekwe, kuchekwa na bibi wa ukoo si msiba. Ila sifa za ujanja Mondira asizipokee hata kidogo, mwambie leo.

Wewe nakugombeza kwa moja. Ulikuwa unafanya nini mlangoni? Mahali pako palikuwa nyuma ya yule binti.

Wifi akija, usimjibu kwanza. Mkalishe, muite Mondira amtilie wali kwa mkono wake, mchana kweupe, majirani waone. Akishaanza kula, muache aulize. Na wewe, mama, mpaka amalize, funga mdomo.