Kengele Iliyofungwa Juu ya Kitanda cha Mama

Nyumba ya kona, ghorofa ya juu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu. Goti lako linaendeleaje? Wifi aliniambia bado unapanda ngazi kwa kujishika ukutani, nawe kwenye simu unajifanya kijana. Mimi mzima wa mwili. Usingizi tu ndio umenikimbia, na utajua sababu. Kabla moyo haujakuruka: Mama yupo, na leo amekula vizuri.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kukatizana. Mara ya mwisho uliniambia niende nikayaangalie yale makao ya wazee alikopelekwa Mama, tena kwa haki, nisiende na jibu mfukoni. Neno hilo liliniuma. Ni kweli sikutaka Mama apelekwe kule. Ni kweli pia kwamba baada ya kiharusi nisingeweza kumwinua peke yangu, na kazi yangu ya tanuri inaanza wenzangu wakiwa bado kitandani. Basi nitakueleza nilichokiona, kizuri na kibaya, bila kutia chumvi.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa miadi. Msimamizi mwenyewe alinipokea mlangoni, mwanamke nadhifu, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Alinizungusha kila mahali. Sakafu inang'aa, mapazia yamefuliwa, na mpishi anamjua kila mzee asiyeweza kutafuna. Yuko mtaalamu anayewanyoosha viungo, na kazi yake anaipenda, hilo sitalificha. Mama nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, amechanwa nywele, amefungwa kitambaa kizuri ambacho si chake. Nilikaribia kukupigia simu nikwambie umeshinda.

Ila wakati wa kuaga, Mama alinishika blauzi kwa ule mkono wake mzima, akakataa kuniachia. Unajua tangu augue maneno yanamtoka moja moja, mengine yanakwama. Siku hiyo hakusema hata moja. Msimamizi akamfungua vidole taratibu, kimoja baada ya kingine, huku akitabasamu.

"Wote hufanya hivi," akaniambia. "Ukigeuka tu, atasahau."

Nilirudi nyumbani, lakini vile vidole havikunitoka kichwani.

Siku chache baadaye nikatoka kazini nikaenda moja kwa moja bila kumwambia mtu, unga ukiwa bado kwenye nyusi. Mlinzi wa getini akanizuia: leo si siku ya wageni. Nikampa mkate wa moto niliokuwa nimembebea Mama. Akaunusa, akaangalia huku na huku, akasema yeye hajamwona mtu. Usicheke, kaka. Ndivyo nilivyoingia kumwona mama yangu mzazi.

Ilikuwa mchana kweupe, na sebule nzima imelala. Wazee wamepangwa kwenye viti, videvu vifuani, televisheni inajisemea peke yake. Nilimgusa mmoja begani, hakushtuka. Nikaanza kutembea haraka, kisha nikakimbia.

Mama alikuwa kitandani, amelala chali, midomo imekauka mpaka imepasuka. Kikombe cha maji kilikuwepo, tena kimejaa, lakini kimewekwa upande wa mkono uliopooza. Na ile kamba ya kengele ya kumwitia mhudumu ilikuwa imeviringwa na kufungwa juu kwenye msumari, mahali ambapo hata mimi niliifikia kwa kuinua visigino. Nilimnywesha. Alikunywa kwa pupa, akapaliwa, akataka tena. Nilipomgeuza ubavu nimtengenezee shuka, nikakiona kidonda chini ya mgongo, kikubwa kama kiganja, na kinanuka. Kidonda cha kulala hivyo hivyo bila kugeuzwa. Nilijiuma mdomo nisipige kelele mbele yake.

"Usimlaumu mhudumu," sauti ikasema nyuma yangu. "Yuko peke yake upande wote huu. Mlaumu anayetugawia vidonge."

Alikuwa bibi wa kitanda cha pili. Wote pale wanamwita Redio, kwa kuwa akianza kusema hana kituo. Miguu imekataa, lakini akili yake ni wembe. Akanieleza kwamba kila baada ya chakula cha mchana wanapewa kidonge cha kuwatuliza, anayekihitaji na asiyekihitaji, ili mchana upite bila usumbufu. Yeye cha kwake hukificha chini ya ulimi, akakitema wakishatoka. Akainua foronya, nikaviona vimejazana kwenye kona.

"Mimi sikuja hapa kulala," akasema. "Nitalala nikifa, muda utakuwepo."

Kazi aliyojipa ni kumsemesha Mama ili asizame. Mama akiwa na kiu, Redio ndiye aliyekuwa akivuta kengele ya kwake mwenyewe. Alivuta, akavuta, mpaka wakazifunga juu zote mbili.

Kaka, nilikwenda ofisini kwa msimamizi. Sauti yake ilikuwa laini vile vile. Vidonda ni kawaida kwa mgonjwa wa kiharusi, akasema. Vidonge vinawasaidia kupumzika. Kengele zimefungwa kwa sababu kuna wanaozichezea. Nikamwuliza kama angemfungia mama yake. Sura ikambadilika.

"Kama hamridhiki, mlango uko wazi. Wanaosubiri kitanda hicho ni wengi."

Nikamwambia nautumia mlango huo sasa hivi, mimi na Mama, nikapigia gari la wagonjwa mbele yake. Akaja akasimama mlangoni, mkono mmoja ukutani. Tulitazamana. Sijui ningefanya nini kama asingesogea. Alisogea.

Aliyenishangaza ni Mama. Gari lilipofika na wabebaji wakaja kumwinua, alishika chuma cha kitanda kwa nguvu zake zote.

"Yeye," akasema, akielekeza macho kitanda cha pili. "Yeye."

"Hebu nenda wewe!" Redio akamkaripia. "Mimi mdomo wangu unanilinda." Lakini mdomo wenyewe ulikuwa unatetemeka.

Hospitali daktari alisema tungechelewa kidogo tu kidonda kingefika mfupani. Nilikaa koridoni nikalia mpaka mtu wa usafi akawa anapiga deki kunizunguka.

Kisha nikamtafuta mtoto wa Redio, dereva wa lori, kwa namba niliyopewa na yule mhudumu wa upande wao. Kwanza alinifokea. Mama yake hajawahi kulalamika, akasema, na mimi ni nani niingilie? Nikamwambia asiniamini, aende akaangalie msumari ulio juu ya kitanda. Alikwenda, na lori lake na mzigo juu. Aliponipigia simu tena hakuwa anafoka. Alisema, "Dada, tunaanzia wapi?"

Tulianzia ofisi ya ustawi wa jamii. Mhudumu alifuatana nasi na kusema kila kitu, akijua fika atafukuzwa, na kweli alifukuzwa. Maofisa walivamia baada ya chakula cha mchana bila taarifa, wakaikuta ile sebule imelala. Msimamizi ameondolewa. Hakuna kidonge tena bila daktari, wahudumu wameongezwa, na yule wetu amerudishwa kazini. Sisi wenye wazee wetu pale tunapokezana, kila siku lazima mmoja wetu aingie, saa yoyote anayotaka.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Mama alipotoka hospitali nilimleta kwangu. Jirani alikaa naye asubuhi, mimi mchana. Nilifurahi, sitakudanganya. Nilijiona nimeshinda mimi sasa. Lakini Mama hakula. Alikaa ameutazama mlango. Siku moja akasema waziwazi, "Redio." Nikamwashia redio. Akatikisa kichwa. Nikabadilisha stesheni, akatikisa tena. Nikaongeza sauti. Mama wa watu akakisukuma kile chombo kwa mkono wake mzima kikaenda chini, betri huku, kifuniko kule, ndipo akili ikanijia.

Tuligombana, mimi kwa mdomo, yeye kwa mkono mmoja. Nilimwambia mahali pale palitaka kumuua. Alihangaika na maneno mpaka jasho likamtoka, na yaliyotoka yalikuwa haya: "Yuko peke yake." Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Alhamisi nilimrudisha. Kabla ya kukubali niliinua magodoro, nikaonja maji, nikavuta kila kengele nione nani anakuja na kwa haraka gani. Walikuja. Msimamizi mpya hatabasamu ovyo, na hilo lilinipendeza. Aliniuliza Mama anapenda kulalia upande gani. Yule wa kwanza hakuwahi kuniuliza.

Tulipomwingiza chumbani, Redio alikuwa anamsimulia mhudumu habari ndefu ya harusi ya mtu. Akamwona Mama mlangoni. Akanyamaza katikati ya neno. Kaka, Redio alinyamaza! Mama akanyoosha mkono, tukasogeza vitanda mpaka mikono ikafikiana.

Sasa swali lako. Uliniuliza kama pale ni mahali pazuri. Leo ni pazuri. Kesho sijui, kwa hiyo kesho nitakwenda kuangalia. Hofu haijaniisha, simu ikilia nikiwa kazini nauacha mkate tanurini nakimbilia kuipokea. Sikulaumu kwa kuzipenda zile picha ulizotumiwa na msimamizi wa kwanza, hata mimi sakafu ilinipumbaza. Ninachokuomba ni kimoja. Ukipata likizo, njoo. Usije kukagua, kazi hiyo nitaifanya mimi. Njoo ukae naye tu. Jana nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alifikiri, akahangaika, akanipa neno moja: jina lile la utotoni ambalo ulitukataza kulitumia ulipoanza kuota ndevu. Sitaliandika hapa. Njoo ulisikie mwenyewe.

Msalimie sana wifi, na umwambie shuka alizotuma Mama amezipenda. Wabusu wanangu, yule mkubwa mwambie shangazi yake anasubiri picha ya gwaride la shule. Jirani anakusalimu, na dereva wa lori naye, ingawa hamjuani, amesisitiza niandike.

Mungu akulinde huko uliko, akupe mikono mizuri ya kukushika utakapozeeka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tukigombana,
Kitindamimba