Maabara Haihami Kilifi

Jumanne

"Pwani kuna joto na chumvi, vipimo nyeti haviwezekani." Ndivyo alivyodai mwenyekiti wa kamati inayotusimamia, akitaka maabara yangu ya plazma ihamishiwe Nairobi. Si kweli!

Leo majibu ya maabara ya Nairobi yamefika. Chuma tulichokipaka utando kwa plazma, ile gesi iliyowashwa kwa umeme, wamepima upya unene wa utando huo. Vipimo vyao na vyetu vimelingana kabisa.

"Daktari, sasa mwenyekiti atasema nini?" akauliza Kadzo, fundi wangu.

"Atasema tumebahatisha."

"Basi na aje apime mwenyewe, na jasho lake!"

Chumvi ipo, sikatai. Mwezi uliopita ilikula pampu yetu, nikaogopa. Lakini pampu hubadilishwa. Fundi kama Kadzo hapakiwi kwenye lori.

Wajumbe wa kamati, msitie sahihi barua ile ya kutuhamisha kabla hamjaja kupima wenyewe.